Mgahawa wa Kando ya Mto

Mimi si mtu wa kusikiliza ya watu. Basini niligeuza sikio zima kuhakikisha sisikii. Mbele yangu msusi alikuwa akimlalamikia shoga yake, fundi cherehani.

"Safari yetu ile najuta, mwenzangu. Tuliapa kula pamoja, miguu yangu ikavimba, wewe na wenzetu mkachelewa kwa kunikanda, mkakuta mgahawa wa kando ya mto umefungwa. Mkalala njaa ugenini kwa ajili yangu!"

"Usijilaumu, shoga. Hukukosa kitu. Samaki mwenyewe mkavu, chumvi tele."

Nikaacha kujifanya nimesinzia.

Msusi akageuka taratibu. "Samaki yupi, na mlikuta pamefungwa?"

Basi likasimama. Fundi akainuka haraka. "Nimefika."

"Mama," kondakta akamwambia, "sokoni ulikosema bado."