Dari la Namba Tano: Wapangaji wa Mama Nyufa kwa Mwanawe

Mgeni rasmi, kaka yetu, mtoto wa kwanza wa mama mwenye nyumba;
Mama mwenyewe, uliyeketi kulia kwake ukidhani risala hii inahusu mifereji ya maji ya mvua;
Majirani wote, pamoja na ninyi watoto mliokalia ukuta:

Sisi wapangaji wa Mama Nyufa tunawasalimu kwa furaha kubwa. Anayesoma ni fundi cherehani wa nyumba namba mbili. Tulimchagua yeye baada ya mabishano marefu. Mwalimu wa namba sita ana mwandiko mzuri lakini machozi yake yako karibu, na dereva wa lori wa namba tano ana sauti ya kutosha lakini anasoma kama mtu anayerudi nyuma na tela.

MAKARIBISHO

Karibu sana, kaka. Uliondoka hapa na sanduku moja na shingo nyembamba, siku hizi unarudi na gari na kitambi cha heshima. Tunakupongeza kwa vyote viwili.

Mama yako hajawahi kumpa mtu nyumba bila kumchunguza. Ni wewe peke yako uliyekaa kwake miezi tisa ndani na miaka ishirini na miwili nje bila kujaza fomu. Tunakuonea wivu, na tunalisema hadharani.

Tunajua pia kilichokuleta. Jumamosi ijayo unamchukua Mama akaishi nawe, na nyumba zake saba unazikabidhi kwa wakala. Tutalifikia hilo. Kwanza kunywa soda yako, isije ikaisha gesi.

HISTORIA FUPI

Nyumba hizi marehemu baba yako alizijenga mojamoja, kila moja na geti lake, ua wake na jiko lake, ili familia ikae kama familia. Alipofariki, Mama alibaki na funguo saba na kazi asiyoijua. Alikuwa karani wa mapokezi hospitalini, mtu wa kuuliza watu jina, umri na wapi panauma. Lakini kwa mpangaji wake wa kwanza hakuuliza kitu, maana alikuja amevaa tai.

Bwana Tai alisema anafanya kazi ofisini, hana watoto, hapiki sana, na anapenda giza. Hilo la giza lingetosha kumshtua mtu. Miezi minane baadaye Mama alibisha hodi, akafunguliwa, akakuta vyumba viwili vimejaa uyoga kutoka sakafuni hadi kwenye kenchi za paa, umening'inia kwenye mifuko, unatoka maji. Alipolikimbilia dirisha, yule bwana alimzuia kwa mikono miwili.

"Mama, tafadhali usifungue, uyoga utashtuka!"

"Na mimi nilivyoshtuka," Mama akamjibu, "umenifungia dirisha gani?"

Kukwangua ukungu kwenye kuta kulichukua kiangazi kizima. Tangu hapo Mama akaweka utaratibu wake, na sote tuliomo humu tumepita katika tundu hilo hilo la sindano. Anayekuja kwanza anasikilizwa kwanza, na maswali ni yale yale, uwe na tai au ndala. Kisha anapiga simu. Hampigii mwenye nyumba wako wa sasa, anampigia yule wa kabla yake. Mwalimu alipouliza kwa nini, Mama alimwambia, "Huyu wa sasa akitaka uondoke, atakusifia mpaka uote mabawa. Yule wa zamani hana cha kupoteza."

Halafu siku moja mchana anakuja unakoishi, anaomba maji ya kunywa. Kiu hana. Anataka kupita jikoni aone unavyoitunza nyumba ya mwenzio. Fundi cherehani siku hiyo alibabaika, akamchotea kwenye jagi lililokuwa karibu na pasi, na lile lilikuwa na maji ya wanga wa kunyooshea kola. Mama akanywa nusu, akaweka glasi chini, akashukuru. Fundi alilia usiku kucha. Asubuhi akapigiwa simu aje achukue funguo. "Nimeona jiko lako," Mama alisema, "lakini mkae mkijua, maji yenu mazito."

Na siku ya kuingia, Mama na mpangaji wanazunguka nyumba nzima na tochi, wanaandika kila ufa, kila msumari, kila kigae kilichomeguka, kisha wote wawili wanatia saini. Ndiyo asili ya jina la Mama Nyufa. Anasema mpangaji asilaumiwe kwa ufa uliomtangulia.

MAFANIKIO

Katika miaka kumi na moja hakuna aliyehama hapa kwa kisirani. Ukimweleza Mama kwamba bomba limeharibika, fundi bomba anafika kabla ya siku mbili kwisha. Nyumba ni zake, lakini hajaingia hata mara moja bila kutuma ujumbe siku moja kabla na kubisha hodi. Mwalimu alipojifungua mapacha, kabla hata hajatoka hospitali, Mama alikuwa ameshaweka nyavu kwenye madirisha.

Waliokuwa namba tatu walihama mwezi juzi kwa kuwa wamejenga. Mama akaenda kuwakagulia nyumba yao mpya, akawaandikia nyufa arobaini. Walilia, hatujui kama ni kwa kuagana au kwa zile nyufa. Namba tatu mpaka leo haina mtu.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hapa tunaomba usikilize vizuri. Na wewe Mama, tunaomba usisimame mpaka tumalize.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, Mama alipanda ngazi kuzibua mfereji wa namba moja, akateleza, goti likavimba. Ana miaka sabini na moja. Tukamsihi asipande tena. Akasema atapanda kila itakapohitajika, kwani mafundi wanaangalia paa kwa jicho moja na jingine liko kwenye simu. Ndipo tukakutana kwa fundi cherehani, tukakubaliana jambo ambalo wakati ule lilionekana la busara: kuanzia siku hiyo, hakuna mtu kumweleza Mama ubovu wowote.

Bomba la namba saba tulilifunga kwa mpira wa baiskeli. Mlango wa namba moja ulining'inia kwenye bawaba moja. Mama akija na daftari lake, kila nyumba inamjibu, "Salama, Mama, kila kitu salama." Namba tano paa lilikuwa linavuja sebuleni. Mama alipokuja, dereva alificha beseni, akavaa kofia, akaketi chini ya tone akimhakikishia kwamba hakuna shida.

"Mbona unatoka jasho bega moja tu?" Mama akamuuliza.

"Ni joto la lori, Mama, limenikaa upande wa dirisha."

Alipita pale mara tatu. Mara zote tatu tulimdanganya.

Kaka, mwezi uliopita ulipokuja kutusalimia, ulikuwa unakunywa chai na Mama kwenye sebule ile ile dari lilipoanguka. Lilianguka juu ya meza, kati yako na birika. Ukalitazama dari, ukamtazama mama yako, ukasema, "Mama, imetosha. Huwezi tena."

 Mama alifunga daftari lake, akalitia kwenye mkoba. Sisi tulikuwa tumejaa mlangoni, tunajua ukweli wote, tukanyamaza. Tangu siku ile aibu haijatutoka. Wiki iliyopita alimwambia fundi cherehani, "Nilipita pale mara tatu, mwanangu, sikuona kitu. Macho yangu yamekwisha."

Mama, macho yako ni mazima. Jasho la bega moja uliliona. Dari lile liliangushwa na midomo yetu. Tulikupenda vibaya, na tunakuomba msamaha mbele ya mwanao.

MAOMBI

Tunaomba, mgeni rasmi, kosa la dari lihesabiwe kwetu. Tumeshalijenga upya kwa mikono yetu, na paa limezibwa. Unakaribishwa ukaketi chini yake, kofia haihitajiki.

Tunaomba pia upokee ahadi tuliyotia saini nyumba zote sita. Ngazi inafungiwa kwa dereva na hakuna mwingine wa kuipanda. Mama atasimama chini na daftari, atoe amri, kazi ambayo tangu zamani anaiweza kuliko kupanda. Na ubovu wowote tutamweleza siku hiyo hiyo, hata ukiwa wa kitasa.

Tena tunaomba uiangalie namba tatu. Anakoishi Mama sasa, nje ya nyumba hizi saba, kuna ngazi kumi na tisa mpaka mlangoni. Namba tatu haina hata moja, na ukuta wake mmoja umepakana na fundi cherehani, ambaye akipiga cherehani anasikika, na akiitwa anasikia. Wakala wako tumemwona. Alipiga picha mageti, akaondoka bila kumsalimia mtu. Huenda ni mtu mwema, lakini hajaomba maji.

Kaka, tunajua unampenda. Nyumbani kwako atakula vizuri na wajukuu watamlalia mapajani. Mwenyewe anakusifu kila siku. Lakini juzi, akifunga sahani zake kwenye magazeti, alimwambia mwalimu, "Kwa mwanangu nitapendwa sana. Ila nikiamka asubuhi, nitakuwa na kazi gani?"

Ombi letu la mwisho ndilo kubwa. Wewe uliogopa ukaamua kwa niaba yake. Sisi tuliogopa tukaamua kwa niaba yake. Kila mmoja wetu alidhani anamlinda, na hakuna aliyemuuliza. Kwa hiyo tunakuomba leo, hapa hapa, kabla chakula hakijapakuliwa, umgeukie mama yako, umuulize anataka kukaa wapi. Kisha umwache aseme mpaka amalize, na sisi tutanyamaza, safari hii kwa heshima.

Akichagua kwako, dereva ameshaosha lori, tutampakia na kumsindikiza tukiimba. Akichagua hapa, vitu vyake tutavibeba mikononi mpaka namba tatu leo leo.

Mwenyezi Mungu akuzidishie, kaka yetu, wewe na nyumba yako, na amwekee Mama goti lake na maneno yake.

Ni sisi, Wapangaji wa Mama Nyufa,
nyumba namba moja, mbili, nne, tano, sita na saba.