Kiganja cha Mzee Egide

Padri, ndugu wa hapa Lewisville, nanyi mlioendesha gari tangu Houston, naitwa Amandine, binti mkubwa wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya Baba, na kuna mahali nitasoma kwa aibu.

Mzee Egide Ntahomvukiye alizaliwa tarehe 4 Machi 1944 huko Rumonge, Burundi, akasoma shule ya misheni hadi mwaka 1958, na mwaka 1962 parokia ikamwajiri kuendesha mashine ya sinema, na kila Jumamosi ukumbini, kwenye shuka jeupe, alionyesha filamu za waimbaji wa rock and roll, vijana wa magitaa na nywele za mafuta. Padri wa wakati ule alipenda nyimbo ila hakupenda viuno, kwa hiyo aliamuru kwamba kila waimbaji wakianza kucheza, Baba aweke kiganja mbele ya mwanga, sauti iendelee gizani, nao watu wakamzomea na kumwita Kiganja, lakini Padri akigeuka tu, Baba aliachanisha vidole, walau viatu vionekane.

Tarehe 8 Agosti 1970 alifunga ndoa na Mama Perpétue, Mei 1972 wakakimbilia Kigoma, mimi nikiwa mgongoni, mashine ikabaki Rumonge, na kambini wakazaliwa Thierry na Liliane. Mwaka 2008 tulifika Fort Worth, hapa Texas, Baba akafua mashuka ya hoteli hadi 2016, Mama akatutoka mwaka 2019, ndipo Baba akahamia kwangu, na katika miaka yote hiyo hakutusimulia habari za sinema hata siku moja.

Mwaka 2023 alianza ugonjwa wa kusahau. Januari mwaka huu wa 2025, Thierry, aliyezoea kumsikia akipiga mluzi wa nyimbo hizo, alitafuta mtandaoni filamu za waimbaji wake na kumwekea kwenye TV ya chumbani kwake, tukidhani atafurahi, lakini kila waimbaji walipoanza kucheza Baba aliinuka na kubandika kiganja kwenye kioo, wajukuu wakalalamika kwamba babu ana-block TV, na mimi, nikiwa nimechoka na shifti mbili za hospitalini, nikaamua kwamba muziki unamuumiza, tarehe 2 Februari nikaitoa TV chumbani kwake. Tangu siku hiyo hakuomba tena kitu chochote, alikaa akiutazama ukuta, hadi alipofariki kwa nimonia Alhamisi, tarehe 12 Juni.

Jumanne iliyofuata Mzee Vital wa Stafford, kule Houston, aliyekuwa akimsaidia Baba na ile mashine, alifika msibani na kutueleza haya ya sinema niliyowasomea, nami nikatoka nje nikalia, kwa sababu Baba hakuwa akiukataa muziki, alikuwa kazini, na aliyemfukuza kazi ni mimi. Sasa nakumbuka kwamba vidole vyake pale kwenye kioo vilikuwa vimeachana, wajukuu wamekaa chini yake, na sikujiuliza kwa nini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia siku zote hizi, wenzake wa hoteli, na wenzangu wa wodini walionishikia zamu.

Baba, nisamehe. Filamu imekwisha na hakuna anayekuzomea, shusha mkono, pumzika kwa amani.