Kitako cha Bega la Kushoto

Ndugu wafiwa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, familia imenituma mimi, shemeji yake marehemu, kaka wa mke wake, niwasomee njia aliyoipita ndugu yetu, na kwa kuwa utani wa mashemeji haukomi hata msibani, mtanivumilia nitakapomgusa kidogo, maana angekuwa yeye amesimama hapa na mimi nimelala pale, asingeniacha salama.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Milimita, alizaliwa tarehe 9 Juni 1949, mtoto wa nne kati ya sita, katika chumba kilichokuwa nyuma ya karakana ya useremala ya baba yake, na mama yake alipenda kusema kwamba mtoto huyo alisikia msumeno kabla hajasikia sauti ya mtu. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1957 hadi 1964, kisha akaingia chuo cha ufundi, alikotunukiwa cheti cha useremala mwezi Desemba 1967.

Tarehe 4 Machi 1968 aliajiriwa katika kiwanda cha samani, idara ya milango na madirisha, akapanda cheo hadi kuwa msimamizi wa karakana mwaka 1981, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2009. Jina la Milimita alilipata hapo kiwandani, siku aliporudisha kabati la mteja likiwa limeshapakwa vanishi na kupakiwa kwenye lori, kwa sababu mlango mmoja ulikuwa umeinama kwa unene wa kucha, dereva akalalamika kwamba mteja hataona, naye akamjibu, "Mimi nimeshaona," na kabati likashushwa.

Tarehe 21 Agosti 1976 alifunga ndoa na dada yangu, wakajaliwa watoto watatu, wawili wa kiume, na kitinda mimba wa kike aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1982, ambaye nyumbani tulimwita Mashoto, kwa kuwa tangu aanze kushika kijiko alikishika kwa mkono wa kushoto, na baba yake akawa anakihamisha, mlo baada ya mlo, akisema samaki mkunje angali mbichi.

Sasa nifike kwenye bunduki, maana nikiiruka mtasema nimesoma historia ya mtu mwingine. Aliinunua tarehe 3 Februari 1984, kwa kibali halali, kutoka kwa mpima ardhi aliyekuwa anastaafu, bunduki ya kuwindia yenye darubini na kitako cha mti, ile sehemu ya nyuma inayoegemezwa begani, na tangu siku hiyo hakumiliki nyingine wala hakuitamani nyingine. Ilikaa kwenye kabati la chuma lililofungiwa ukutani, yeye tu ndiye mwenye ufunguo, na dada yangu aliwaambia wageni kwamba mke mwenzake anaishi mle ndani, hapiki, hafui, lakini hupakwa mafuta kuliko yeye. Kila msimu wa mvua mti wa kitako ulivimba kidogo ukagusa mtutu, na risasi ikaenda kombo, na kwa kuwa yeye alikuwa seremala kabla ya kuwa mwindaji, aliukwangua taratibu kwa msasa mpaka karatasi nyembamba ikapita kati ya mti na chuma bila kukwama. Wakulima waliosumbuliwa na nguruwe mwitu walimwita, akaenda, na mara nyingi alirudi hajapiga hata risasi moja, kwa sababu hakuwa na uhakika, na risasi isiyo na uhakika kwake ilikuwa aibu. Miaka thelathini na tisa aliishika bunduki hiyo, na haikuwahi kumdhuru mtu, isipokuwa, kama tutasema ukweli mbele ya jeneza lake, mtoto mmoja, na wala si kwa risasi.

Mwezi Agosti mwaka 1997, Mashoto akiwa na miaka kumi na minne, baada ya kumsumbua baba yake mwaka mzima, alipelekwa kwenye uwanja wa shabaha. Alipoiweka bunduki kwenye bega la kushoto, baba aliihamishia la kulia, akamwambia afumbe jicho la kushoto, na asubuhi nzima mtoto alikosa, mpaka machozi yakaanza kumlenga. Kisha marehemu aligeuka kuzungumza na msimamizi wa uwanja, na binti akairudisha bunduki kwenye bega analolijua, akapiga tatu, na zote tatu zikaingia katikati, zikikaribiana hata ungezifunika kwa kiganja. Watu walishangilia, lakini marehemu hakushangilia, aliichukua bunduki, akasema mbele ya wote, "Umebahatisha tu, bunduki hii si ya mashoto," akaifungia kwenye mkoba wake. Binti hakuomba tena kwenda, na mwaka 2003 alipohamia mji mwingine kwa kazi ya kutengeneza meno bandia, kazi anayoifanya mpaka leo kwa mkono huohuo, alikuwa akija likizo, anasalimia kwa heshima, anakula, anasaidia vyombo, anaondoka, na baba na mwana wakawa wanaulizana habari za hali ya hewa kama watu waliokutana foleni ya benki.

Mwaka 2017 marehemu aligundulika kuwa na presha ya macho, na madaktari waliokoa jicho la kushoto, la kulia likawa halina la kufanyiwa. Mwezi Julai 2018 alirudi uwanjani, kwa mara ya kwanza akaiweka bunduki yake kwenye bega la kushoto, na akarudi nyumbani shavu limevimba. Kitako kile kilikuwa na mwinuko wa kuegemeza shavu, umechongwa kwa ajili ya mtu wa mkono wa kulia, na ukiegemea upande wa pili hauna pa kuweka uso, mti unakusukuma. Dada yangu anakumbuka alivyokaa ukingoni mwa kitanda bila kuvua viatu, akasema, "Mama Mashoto, yule mtoto alipiga katikati huku mti unamsukuma usoni," na chakula kikapoa mezani. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na huyu mjukuu wake alikuwa amechelewa miaka ishirini na mmoja.

Dada yangu alimwambia ampigie binti simu siku ileile. Milimita hakupiga. Badala yake alitoa ubao mgumu aliouweka tangu siku za kiwandani, akaanza kuchonga kitako kipya, mwinuko wa shavu ukiwa upande wa pili, kwa jicho moja na mikono iliyoanza kutetemeka, kazi iliyomchukua kuanzia mwaka 2019 hadi mwishoni mwa 2022, alipokifunga kwenye bunduki. Mkewe alipomsihi angalau aulize vipimo, alijibu kwamba vipimo anavyo kichwani, maana ni yeye aliyempima mkono binti huyo alipomtengenezea meza ya kusomea.

Tarehe 2 Mei 2023 alipata kiharusi, akalazwa, na tarehe 6 Mei, saa tisa alasiri, akakata roho, binti yake akiwa bado njiani. Maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka, aliyomwambia mkewe, yalikuwa, "Mwambie ajaribu kwa kushoto."

Jana mchana, ofisa wa silaha alipokuja kuichukua bunduki kuihifadhi kama sheria inavyotaka, alihakikisha haina risasi, akamruhusu binti aishike mbele yetu. Aliiweka kwenye bega la kushoto, na shavu likakaa pale kama lilivyochongewa, lakini kitako kilikuwa kifupi, kifupi mno, kidole gumba kikamgusa pua na kiwiko kikabanwa kifuani. Ile meza ya kusomea ilitengenezwa mwaka 1997. Mtu aliyeona kosa la unene wa kucha kwenye mlango wa kabati alikuwa amempimia mwanawe mkono wa miaka kumi na minne, wakati mwana ana miaka arobaini na urefu wa ukoo wetu. Binti alicheka kwanza, akasema, "Baba jamani, si ungepiga simu tu," halafu akalia, nasi sote tukalia. Fundi mmoja wa kiwandani alijitolea kukiongezea kipande cha mti nyuma, na yeye akakataa, akasema kiachwe kama kilivyo, huyo ndiye mtoto ambaye baba alikuwa bado anamwona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa macho na wa wodi ya wanaume, majirani waliopika na kulala nasi, wenzake wa kiwandani waliotengeneza jeneza hili na kulipima mara tatu kwa kumwogopa, pamoja na wanachama wa uwanja wa shabaha. Marehemu ameacha mke, watoto watatu na wajukuu watano, na mmoja wao, wa miaka sita, ameanza kuandika kwa mkono wa kushoto, na hakuna anayemgusa.

Shemeji, bunduki ilipakwa mafuta kabla ya kukabidhiwa kwa ofisa, kabati limefungwa, na ufunguo anao Mashoto. Pumzika kwa amani, Milimita, amekuja, na amejaribu kwa kushoto.