Ukurasa wa L

Ba Maman na ba Papa, asante kwa kunisimamisha hapa kanisani. Wenye wananijua wanajua mimi ni muntu wa nyumba. Kutoka hapa Mururu mpaka sokoni Kamembe najitayarisha kama naenda Kinshasa. Mucheke tu, ni kweli.

Lakini ndugu zangu, nawaambia, haikuwa tabia tu. Vita vilipotutoa Bukavu, mimi na Mama tulivuka mto wa mpaka tukaja huku kwenye nyumba ya babu. Dada yangu mkubwa alibebwa na kundi la batu waliokimbilia msituni. Nyumba hii anaijua. Basi nilijiambia: siku nitakayotoka ndiyo siku atakayofika. Nikaacha kwaya, nikakataa kazi mbili, harusi za jamaa nikawa natuma salamu. Mama akafa akiangalia njia.

Miaka ikapita. Halafu shirika moja la kutafuta waliopotea likaweka kwenye intaneti picha za madaftari ya majina ya kambi za wakimbizi, yaliyoandikwa kwa mkono. Nikaenda siberi ya Kamembe, kile chumba cha kompyuta za kukodi. Mwenye siberi, maman mmoja wa Bukavu, akanionyesha: daftari linafunguka mule mule kwenye kivinjari, unabonyeza alama ya kujumlisha, maandishi yanakua, unapaka njano, unaandika neno pembeni. Ee, nilikuza! Kila herufi ikawa kama kiazi kitamu. Jina la dada linaanza na R, kwa hiyo nilisoma kurasa za R kila Alhamisi, miezi na miezi. Kila jina lililofanana kidogo nililipaka njano, nikaandika: "Ni wewe? Mimi ni mdogo wako. Mama alikungoja." Juma linalofuata narudi kuangalia kama amejibu.

Siku moja mwenye siberi akainama nyuma yangu.

"Maman, unaandikiaka nani?"

"Dada yangu."

"Pole, Maman. Haya maneno inabakia ku hii mashini tu. Hakuna mwenye anaiona."

Nilitamani ardhi inimeze. Kwa huruma akaniuliza jina. Nikamwambia. Akalirudia kwa kinywa chake cha Bukavu, likaanza na L.

"Ninyi!" nikamtania. "R yetu ya huku munaikulaka na mboga ya sombe?"

Nikacheka mwenyewe. Halafu kicheko kikakatika. Karani wa kambi naye lazima alikuwa Mkongomani. Aliandika alichosikia.

"Nipeleke ku L."

Ukurasa wa pili, mstari wa chini, wino umekaribia kufutika. Nikakuza mpaka jina moja likajaa kioo kizima. Mbele yake jina la Baba, la Mama, mtaa wetu.  Mwenye siberi ndiye aliyepaka njano. Tukatuma ukurasa na alama zake kwa shirika.

Msimu mmoja wa mvua ukapita, simu ikalia: dada. Yuko Shabunda, kule msituni, ana batoto batano. Sauti yake sikuijua. Akauliza, "Mama iko?" "Alikungoja mpaka mwisho," nikasema, naye akaelewa. Tukalia mpaka vocha ikaisha.

Bado hatujaonana, barabara ni mbaya. Kila jioni natamani kumsuka nywele, ambazo anasema zimekuwa nyeupe.

Namshukuru yule maman wa siberi, na ninyi mulioniombea nilipokuwa siwafungulii mlango. Nilichojifunza ni kidogo: nilikuza macho, nikasahau masikio. Mwenye bado anatafuta muntu wake, anione tukitoka hapa. Alhamisi twende pamoja. Alete jina, tutalisoma kwa vinywa vyote.