"Mafuta Gani?": Kumuaga Mzee Moris Ezati

Mzee Moris Ezati, mkaguzi wa bidhaa hatari, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi: tisa ya kwanza Arua, iliyobaki yote hapa Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda.

Alianza kazi wakati mfanyabiashara mmoja alikuwa na mabwana wanne. Petroli ilikaguliwa na ofisi ya biashara, dawa za wadudu na ofisi ya kilimo, asidi ya betri na ofisi ya mazingira, tahadhari za moto na polisi. Kila mmoja alifika kwa siku yake na amri yake, na amri hizo mara nyingi zilipingana. Mzee Ezati ndiye aliyeshikilia, kikao baada ya kikao, kwamba ziwe kanuni moja chini ya dawati moja. Mwaka jana zikawa.

Wengi watakumbuka tangazo la kwanza la kanuni hiyo, lililosomwa sokoni kwa kipaza sauti: mafuta yasikae pamoja na unga. Kesho yake wauza mafuta ya kupikia walikuwa wametii. Waliyaondoa kando ya unga, wakayapanga kando ya petroli, jerikeni za njano kwa jerikeni za njano. Bi Hawah, mwenye duka la unga, alimweleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mgeni: "Mzee, mafuta na mafuta, si iko kitu moja?"

Tangu hapo hakupita duka bila kuuliza ni mafuta gani. Swali likawa jina lake, kuanzia sokoni hadi kwenye malori ya mpakani Oraba. Walimwita hivyo akishageuka.

Chai ya dukani hakuwahi kuipokea. Alisema mkaguzi akishakunywa chai ya mtu, pua yake hainusi tena petroli. Familia yake ilibaki kijijini kwao, Aroi. Hapa alipanga chumba, akala peke yake, na kila alipoingia mahali mazungumzo yalikoma. Nimewahi kuandika kwamba upweke huo ndio uliotuepusha na moto. Sina hakika tena. Huenda tulimwachia mtu mmoja kutengwa kwa niaba yetu sote, kisha tukaita kutengwa huko uadilifu.

Ijumaa iliyopita, akiwa amekwisha kukabidhi funguo za ofisi na mkoba wa kazi, alirudi kwa Bi Hawah. Mama huyo aliinuka kwa mazoea, akaanza kuvuta jerikeni ili aonyeshe kilichoko nyuma. Mzee akasema hakuja kukagua. Alikuja kukaa tu.

Katika duka lile hapakuwahi kuwa na kiti chake. Bi Hawah alichukua jerikeni tupu, akailaza chini, akaipangusa kwa ncha ya kitenge, akamkaribisha. Mzee Ezati aliitazama kwa muda, kisha akainama kuinusa.

"Ya mafuta gani?"

Kicheko kilifika barabarani. Alikaa, akanywa chai, akaomba kikombe cha pili.

Mzee wetu, asante. Tunakutakia maisha mema huko Aroi, na popote utakapofika, pasikosekane pa kukaa.