Historia ya Mwalimu Jeremia Mithika Runji, Aliyepanga Mstari wa Karate kwa Rika

Kwa jina la Mungu wa milele, aliyekuwako kabla ya mlima huu tunaouegemea, anayehesabu siku za kila mwenye pumzi na kuzifunga kwa saa aijuaye Yeye peke yake, ninasimama mbele yenu, wachungaji, wazee, ndugu wa Meru na ndugu wa Embu, wafiwa na waombolezaji wote mliofika hapa Kanyakine leo Ijumaa, tarehe kumi na saba Februari, mwaka wa elfu mbili ishirini na tatu. Mimi ni Bundi, mtoto wa kwanza wa nyumba hii, na familia imeniagiza niwasomee maisha ya mdogo wangu. Ninaomba mkae vizuri, hata wale waliosimama karibu na lango, kwa maana ninajua wengi hamkuja kumzika tu, bali mmekuja kusikia jina moja, nami nitafika huko kwa mpangilio wake.

Marehemu Jeremia Mithika alizaliwa tarehe kumi na tisa Septemba, mwaka wa 1950, hapa hapa Kanyakine, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa marehemu Runji wa Bundi na marehemu Cicily Karambu, watu wa ukoo ambao wazee wake walisimulia kwamba walitoka Mbwaa, kisiwa cha masimulizi yetu ya kale, wakavuka maji, wakapanda milima hadi kuufikia udongo huu. Kwa desturi yetu mimi nilipewa jina la babu mzaa baba, naye akapewa la babu mzaa mama, na mama yetu alipenda kusema kwamba alimzaa baba yake mara ya pili, na kwamba baba huyo amerudi akiwa mkaidi kuliko mara ya kwanza.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka wa 1958 hadi 1965, akaendelea na masomo ya sekondari mjini Meru hadi mwaka wa 1969, kisha akajiunga na chuo cha ualimu, akahitimu Desemba 1971, na Januari iliyofuata akapelekwa kufundisha Mitunguu, ambako joto lilimsumbua kiasi kwamba alivaa koti kila siku ili watu wasione jasho lake, jambo ambalo hakuna aliyeweza kumshauri vinginevyo. Ni huko Mitunguu alikomkuta mwalimu mwenzake, Wambeti binti Njura, aliyetoka Embu, wakafunga ndoa takatifu tarehe kumi na nane Desemba, 1976, na Mungu akawajalia watoto watatu, yaani Karambu aliyezaliwa mwaka wa 1979 na kupewa jina la mama yetu, Runji aliyezaliwa mwaka wa 1982, na Wanja aliyezaliwa mwaka wa 1986. Kwa sababu ya jina hilo marehemu hakumwita binti yake wa kwanza kwa kingine chochote ila "mama", na alipomkemea alimkemea kwa heshima.

Sasa nije kwenye kazi ambayo wengi mnamjulia. Wakati wa likizo ya mwaka wa 1974 alikwenda Nairobi kwa mafunzo ya walimu wa michezo, akamkuta huko Mjapani mmoja aliyekuwa akifundisha karate katika ukumbi wa kanisa, na tangu siku hiyo kila likizo ilipofika alipanda gari kwenda huko, mpaka tarehe ishirini na sita Agosti, 1978, alipofungwa mkanda mweusi, na Jumamosi ya tarehe kumi na tatu Januari, 1979, akafungua shule yake mjini Meru, katika ghala la zamani la kahawa, akiwa na wanafunzi kumi na mmoja, miongoni mwao walimu, askari, muuza nyama, na karani wa mahakama aliyekuwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Siku hiyo ya kwanza ndiyo iliyozaa mambo yote yaliyofuata. Desturi ya karate, kama alivyofundishwa, ni kwamba wanafunzi hujipanga kwa mkanda, mwenye daraja la juu mbele, aliyeanza jana mwisho, na marehemu alikuwa amekuja na kijana mmoja wa miaka ishirini, mwenye mkanda wa kahawia, aliyefundishwa pamoja naye Nairobi, akamweka mwanzo wa mstari. Yule karani akakataa kuvua viatu. Alisema, na maneno yake yalirudiwa mjini kwa miaka mingi, "Mwalimu, mkanda wa huyu ni wa kahawia na wangu ni mweupe, sawa, lakini mimi nilikuwepo alipotahiriwa na nilimshika bega asitetemeke. Leo nisimame nyuma yake?" Wengine wakacheka, lakini hakuna aliyejipanga. Marehemu akaamuru kila mtu asimame kwa rika lake la kutahiriwa, wakubwa mbele, wadogo nyuma, na mkanda uwe shauri la mwenye kiuno. Karani akavua viatu, mafunzo yakaanza, na wazazi wa mji huo, waliokuwa wakiogopa kwamba watoto wao watafundishwa kuwadharau wakubwa, wakawaleta kwa wingi.

Mwaka wa 1981 kanisa lilimwita, likamuuliza kwa nini Wakristo wanainamia picha ya mzee wa Kijapani iliyotundikwa ukutani, naye hakubishana, aliiteremsha picha ile juma hilo hilo, na mahali pa kuinama akaweka Sala ya Bwana. Mwaka wa 1984 alihamishiwa Embu, akafungua huko tawi la pili, na mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa Ireri Kivuti, kijana wa miaka ishirini, ambaye marehemu alinieleza katika barua kwamba alikuwa na miguu myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Aliporejeshwa Meru mwaka wa 1989 alimwachia Ireri tawi hilo, akampenda kama mwanawe, na hata Ireri alipokwenda kufanya kazi Mombasa kwa miaka mitano, marehemu hakumruhusu mtu mwingine aitwe mkuu wa Embu.

Karambu alianza mafunzo mwaka wa 1990, akiwa na miaka kumi na mmoja. Kwa kuwa msichana hana rika la kutahiriwa katika hesabu ile, hapakuwa na mahali pake, hivyo aliwekwa mwisho wa mstari, na alibaki mwisho alipopata mkanda mweusi mwaka wa 1999, akabaki mwisho alipopata daraja la tatu la mkanda huo mwaka wa 2008, akiwafundisha watu jioni nzima kisha, wakati wa kufunga, akienda kusimama nyuma ya mgongo wa mtu aliyejiunga Jumatatu. Mimi nilikuwa mwinjilisti, nilikuja mara nyingi kuongoza sala katika ukumbi ule, nililiona jambo hilo kwa macho yangu na sikusema neno, na ninalitaja hapa kwa sababu historia ya marehemu haiwezi kuwa safi kuliko ya waliomzunguka.

Ireri alirudi kutoka Mombasa mwishoni mwa mwaka wa 1996, akiwa amefundishwa na walimu wengine, na pole pole akaupanga mstari wa Embu kwa mikanda. Jumamosi ya tarehe sita Desemba, 1997, marehemu alifika Embu kuwatahini wanafunzi arobaini, akamkuta kijana wa miaka kumi na tisa amesimama mbele ya mwalimu mkuu wa shule mwenye miaka hamsini na miwili. Ireri alimsogelea, akasema, "Mwalimu, salamu ya Wajapani uliibadilisha kwa juma moja. Hii yetu ya rika imekuwa nini hata isiguswe?" Marehemu aligeuka bila kumsalimu mtu, akaingia garini, akarudi Meru, na wale arobaini wakabaki wamesimama na mavazi yao meupe yaliyopigwa pasi. Tarehe kumi na tano mwezi huo alimwandikia Ireri barua ya kumfukuza, na mwaka uliofuata Embu wakasajili chama chao wenyewe. Tangu hapo shule moja ikawa mbili, waliofundishwa ngumi moja wakapishana barabarani bila kupeana mkono, na mama Wambeti, ambaye kwao ni Embu, akawa anakwenda kwa ndugu zake peke yake.

Katika katiba ya shule marehemu alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba atakabidhi uongozi baada ya miaka ishirini na mitano, kama marika ya zamani yalivyokabidhiana nchi, na kwamba uongozi hautarithiwa na mtoto wa nyumba yake. Mwaka wa 2004 ulipofika alisema wanachama hawajakomaa. Alistaafu ualimu mwaka wa 2005, akiwa mwalimu mkuu, akaukabidhi uongozi ule wa serikali bila tabu yoyote, lakini wa karate akaushikilia. Tarehe ishirini na mbili Novemba, 2014, mkutano mkuu ulifanyika Mitunguu, ambako vijana walimtaka Karambu, wakubwa wakauliza ni rika gani litakalomfuata mwanamke, na wengine wakataka Ireri arudishwe, wakabishana hadi viti vikaanza kuvutwa, ndipo marehemu akasimama na kusema, "Tuombe," kwa sababu alijua kwamba huku kwetu hakuna anayeendelea kugombana watu wakiwa wamefumba macho. Aliomba kwa dakika ishirini, na alipotamka amina alikuwa tayari ameshika funguo za gari.

Tarehe tatu Julai, 2019, alipatwa na kiharusi, akiwa pia na ugonjwa wa sukari uliokuwa umemsumbua kwa miaka tisa, na tangu hapo mkono wake wa kuume haukufunga tena ngumi. Karambu aliendesha shule, bila cheo, na jioni kila siku alimpa baba yake habari za ukumbini, naye alisikiliza akikiangalia kile kiganja.

Jumamosi ya tarehe kumi na mbili Novemba mwaka uliopita, bila kuitwa, Ireri Kivuti alikuja nyumbani kwa marehemu, nami nikiwapo, na gunia dogo la ndengu, akiwa sasa mtu mzima wa miaka hamsini na minane. Waliongea juu ya mvua. Waliongea juu ya bei ya miraa kule Maua, ingawa hakuna kati yao aliyewahi kuilima. Kisha Ireri akauliza, "Mwalimu, siku ile ulikasirishwa na mstari, au ulikasirika kwa kuwa hukuulizwa?" Marehemu akamwambia, "Kunywa chai kwanza." Ireri alikunywa, akaaga, akaondoka, na gari lake lilipopita lango ndipo mdogo wangu aliponigeukia, na kwa ulimi ule uliokuwa mzito akasema, "Sikuulizwa." Kisha akaongeza, "Na mimi sikuwahi kumuuliza mtu."

Juma hilo aliniita niandike waraka wa urithi wa shule, na habari yake imewafikia ninyi nyote, ndiyo maana tangu asubuhi ninaona Embu wamekaa upande huu wa hema, Meru upande ule, na katikati mmeacha njia pana kana kwamba gari litapita. Siku ya kwanza alinitajia jina la Ireri, nikaandika, na kabla wino haujakauka akaniambia nikate, kwa kuwa hakumrudisha kundini kwanza. Siku ya pili alinitajia jina la Karambu, nikaandika, akaniambia nikate, kwa kuwa katiba ni maandishi yake mwenyewe, na kwa kuwa, alisema akimwita binti yake kama kawaida, "Mama atafikiri nimemlipa kwa kumsimamisha nyuma." Siku ya tatu akasema, "Andika kwamba sijui. Waambie waulizane." Huo ndio waraka. Hauna jina ndani yake, nimeukunjua mezani, na yeyote anayeshuku anaweza kuja kuusoma.

Nilimuuliza Karambu kama niusome hadharani au niuzike pamoja na mwandishi wake, naye akanijibu, "Baba mkubwa, usome. Nimezoea kusimama bila kujua nani yuko mbele."

Marehemu alitutoka Alhamisi, tarehe tisa Februari, saa kumi alasiri, hospitalini mjini Meru, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, mkewe na binti zake wakiwa kando yake. Ameacha mjane, mama Wambeti, watoto watatu, wajukuu watano, na shule mbili zilizotokana na moja.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka mitatu na zaidi, majirani wa Kanyakine waliotuletea kuni, maji na ndizi bila kuambiwa, walimu wenzake wastaafu, wachungaji wetu, na wanafunzi wake wa pande zote mbili, ambao nimewaona wakichimba kaburi kwa zamu bila kusemezana.

Kamati ya mazishi imeniletea karatasi ikitaka nitangaze watakaobeba jeneza na nani atangulie. Jeneza lina vishikio sita, na mimi sina majina sita. Kaburi liko tayari, mchungaji yuko tayari, na familia imekubaliana kwamba tutakaa hapa kwenye viti vyetu, kwa utulivu, mpaka Embu na Meru muingie katika hiyo njia mliyoiacha katikati, muulizane.

Mithika, mdogo wangu, lala, umeshatua mzigo. Nanyi mliosikiliza maneno marefu ya mzee, Mungu wa baba zetu awape masikio ya kusikiana ninyi kwa ninyi, azilinde safari zenu za kurudi Meru na za kurudi Embu, na nyumba zenu asizipitie bila kuzibariki. Amina.