Clifford Sugden na Kitambaa cha Basi Kilichotundikwa Ngazini

Ndugu waombolezaji, mimi Derek Holroyd, kaka wa mjane, nimepewa kusoma haya kwa sababu katika ukoo huu hakuna mwenye sauti kama yangu, na anayebisha asubiri msiba wake.

Marehemu Clifford Sugden alizaliwa hapa Halifax tarehe 9 Machi 1941, akasoma shule ya mtaani hadi umri wa miaka kumi na mitano, akaingia kwenye mabasi ya mji mwaka 1958 akiwa kondakta, akawa dereva mwaka 1963, akamwoa dada yangu Maureen tarehe 12 Juni 1965, wakajaliwa Janice na Keith.

Mwaka 1971, mabasi ya zamani yalipopelekwa kukatwa vyuma, Cliff aliokoa kile kitambaa kirefu chenye majina ya vituo, kinachozungushwa mbele ya gari kuonyesha liendako, mimi nikibeba upande mzito, akakitundika ngazini kwa miti miwili na mkono wa chuma wa kukizungushia, mbali na moto na jua, na kila alipotoka alikizungusha kwanza, dole gumba kwenye kila ukingo kisiende upande kikachanika, mpaka litokee jina la aendako, hata Maureen hakuuliza tena mume yuko wapi, alitazama ngazi tu.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2016, na Jumapili ya tarehe 6 Januari mwaka huu wa 2019, tukiwa tumemaliza nyama ya kuoka, Keith alitoa mkasi.

"Mzee, rangi ya kitambaa inabanduka. Tukikate, kila mmoja atundike jina la kituo kwake. Kikioza chote tutabaki na nini?"

"Utabaki na mkasi," alisema Janice.

"Nyamaza wewe, hata vumbi hujawahi kukipangusa."

Cliff, pumzi zikimkatika, aliuliza nani atachukua maandishi ya mwisho kabisa, yale ya HALICHUKUI ABIRIA.

"Basi hayo ni yangu, mwanangu. Ningoje nitoke, ndipo ukate."

Alitoka duniani tarehe 3 Februari, hospitalini, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Maureen, na tangu siku hiyo Janice na Keith hawakusemezana.

Hayo niliyaandika jana, haya nimeyaongeza leo. Asubuhi hii, gari la jeneza likiwa mlangoni, Keith alipanda ngazi na mkasi wake, sisi tukiwa jikoni na vikombe mkononi, tukasikia mkono wa chuma ukizunguka polepole, ukasimama, kisha mkasi ukala nguo, na hata mimi, niliyewahi kumrudisha fahali kwa mwavuli, nilijimwagia chai mapajani.

Janice aliinuka.

"Kaa, mwanangu," Maureen alimwambia, akamshika nguo.

Keith akashuka, ameshika leso yake mpya ya msiba, imekatwa vipande virefu.

"Janice, mkono wako mwepesi kuliko wangu. Kitambaa kimechanika pale kwenye maandishi ya mzee, njoo ushikilie tukibandikie hii leso kwa nyuma. Mama, tukorogee gundi ya unga."

Wakapanda wote wawili, na hiyo, mchungaji, ndiyo sababu tumechelewa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotuletea chakula mlangoni, na madereva wenzake waliolibeba jeneza.

Pumzika kwa utulivu, shemeji, kitambaa chako ni kizima.